KIONDO CHA CUCU NA HIFADHI YA JAMII

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii tumeiandika katika insha tangu shule ya msingi, lakini mimi niliielewa barabara mwaka 2020 nikiwa darasa la tano. Aliyenifunza ni cucu wangu.

Cucu anauza viazi na karoti katika soko la Karatina. Alfajiri, kabla sisi wa shule ya kutwa hatujaanza kuukanyaga umande, yeye huwa ameshafika mjini na kupanga viazi vyake kwa mafungu. Karo yangu inatoka katika mafungu hayo. Sasa ana umri wa miaka 68. Maishani mwake hajawahi kuandikwa kazi na mtu, kwa hivyo hana pensheni. Alicho nacho ni chama. Wako akina mama kumi na wawili, na kila wiki kila mmoja hutoa shilingi 100. Sehemu moja huenda kwa mwenye zamu, nyingine huwekwa kando kwa ajili ya ugonjwa na matanga. Mmoja wao alipovunjika mguu, chama kilimlisha hadi akapona.

Kisha korona ikabisha hodi. Aprili 2020 watu walizuiwa kuingia na kutoka Nairobi, na masoko mengi nchini yakafungwa. Wateja wa Cucu waliokuwa wakitoka huko wakapotea kama umande juani. Katika mwezi huo mmoja akina mama wote kumi na wawili walitaka kukopa. Sanduku likabaki tupu. Jioni moja Cucu alikaa jikoni na kiondo chake kitupu akasema, "Chama ni kizuri mmoja akianguka. Tukianguka sote, nani atamwinua mwenzake?"

Msomaji mpendwa, swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Hifadhi ya jamii ni nini? Kwa lugha nyepesi, ni mpango wa watu wengi kuchangiana ili mmoja wao akipatwa na uzee, ugonjwa, ajali ya kazini, uzazi au kukosa kazi, asifedheheke. Babu zetu walikuwa na ngwatio: leo tunalima kwako, kesho kwangu. Chama cha Cucu ni mtoto wa ngwatio. Tofauti iliyopo ni ukubwa wa kikapu. Kikapu cha watu kumi na wawili wa soko moja kina udhaifu mmoja, kwamba balaa likilipiga soko, huwapiga wote kwa siku moja. Kikapu kikichangiwa na mkulima wa Mathira, mvuvi wa Lamu, mwalimu wa Kisumu na dereva wa Mombasa, ni vigumu wote kuanguka pamoja. Hii ndiyo siri ya jambo lote. Kadiri kikapu kinavyokuwa kipana, ndivyo kinavyokuwa na nguvu.

Je, taifa letu halina kikapu kama hicho? Lipo nacho. Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni, NSSF, iliundwa mwaka 1965. Kwa sheria ya mwaka 2013, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2023, mfanyakazi hukatwa asilimia 6 ya mshahara unaohesabiwa naye mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Lakini hebu angalia. Mpango huu unamtafuta mtu mwenye mwajiri, na Wakenya wengi ni wa jua kali, mama mboga, watu wa bodaboda na wakulima. Mwajiri wa Cucu ni nani? Ni mvua?

Kusema kweli, juhudi zimefanywa kuwafikia watu hawa. Mwaka 2011 ulizinduliwa mpango wa Mbao, ambapo mtu wa jua kali aliweza kuweka shilingi 20, yaani mbao moja, kila siku kwa simu. Baadaye NSSF ikaleta Haba Haba, wa shilingi 25 kwa siku. Nilipiga hesabu: 25 kwa siku ni 9,125 kwa mwaka, na kwa miaka thelathini ni 273,750, bila kuhesabu faida. Nilimwonyesha Cucu karatasi hiyo kwa furaha. Aliitazama, akanirudishia. "Mjukuu wangu, siku ambayo viazi vimelala, hiyo ishirini na tano naitoa wapi?"

Hapo nikanyamaza. Mchango unamfaa mwenye kipato cha kila siku. Asiye nacho anahitaji sakafu ya kusimamia, itakayolipwa kwa kodi ya wote. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii, na kwamba Serikali itamsaidia asiyeweza kujikimu. Ndiyo sababu tangu mwaka 2018 wazee wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni huandikishwa katika mpango wa Inua Jamii wa shilingi 2,000 kwa mwezi. Si nyingi, na zimekuwa zikichelewa mara kwa mara, lakini ni unga, mafuta ya taa na sabuni. Wenzetu wa Zanzibar walianza Aprili 2016 kumpa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, kutoka mfuko wa serikali yao wenyewe.

Sasa mtaniuliza, mataifa ya nje yanaingiaje hapa? Yanaingia kwa njia tatu.

Kwanza, kukubaliana juu ya kipimo. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 liliitaja hifadhi ya jamii kuwa haki. Mwaka 1952 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba nambari 102, unaotaja matawi tisa ya hifadhi hiyo. Mwaka 2012 likaongeza Pendekezo nambari 202, kwamba kila nchi iwe na sakafu: matibabu ya lazima, na kipato cha msingi kwa watoto, kwa watu wazima wasioweza kupata riziki ya kutosha, na kwa wazee.

Pili, kusaidiana kuanza. Kule Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, mpango wa kuwapa pesa watu wanaokabiliwa na njaa ulianza kwa msaada mkubwa wa Uingereza, halafu serikali yetu ikawa inaongeza pesa zake. Huo ni msaada mzuri, kwa maana unamshika mtoto mkono hadi atembee mwenyewe.

Tatu, kufuatana na mfanyakazi avukapo mpaka. Mkenya akifanya kazi miaka kumi Kampala kisha arudi Nyeri, miaka ile isimwagike njiani. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inataka raia wa nchi mwanachama afanyaye kazi katika nyingine apate hifadhi ya jamii sawa na mwenyeji. Na dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba je? Nao wanazeeka kama sisi. Nchi zisipoandikiana mkataba, mtu hutoa jasho lake huku na uzee wake ukabaki mzigo wa kule.

Kazi bado ni kubwa. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 watu bilioni 3.8 hawakuwa na kinga yoyote ya namna hii. Barani Afrika, aliyekuwa nayo ni kama mmoja kati ya watano tu.

Wenzangu, sisi tufanye nini? Tuanzie nyumbani. Likizo iliyopita nilichukua kabambe ya Cucu nikamwandikisha katika SHA, bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Alijibu maswali yote, hata ya aina ya choo! Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, nasi tumeanza kuiweka kidogo kidogo ndani ya kopo. Wazee wengi hawana wa kuwasomea ujumbe wa simu. Sisi tunasoma; tuwasomee.

Cucu amebakiza miaka miwili afikishe sabini. Kila jioni nikitoka shuleni hupitia sokoni nikambeba kiondo. Siku nyingine huwa chepesi, viazi vimeuzwa. Siku nyingine huwa kizito. Siku hizo hukumbuka kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.