Je, Wajua? Ulizia Umri wa Jani Kabla ya Rangi Yake

Je, wajua kwamba makumbi ya nazi husafiri na chumvi yake? Kule Jambiani na Paje, Unguja, akina mama huyafukia ufukweni kwa miezi hadi yalainike, kisha huyapiga yatoe usumba wa kusokota kamba. Unga unaobaki makumbi yanapochambuliwa viwandani, mwingi ukitoka India na Sri Lanka, hugandamizwa kama tofali na kuuzwa kwa wenye vitalu kwa jina la kokopiti.

Tofali hilo likifika Chitete, makao makuu ya Wilaya ya Momba, liko mbali sana na bahari, lakini bahari bado imo ndani yake. Ukilisuuza kwa maji ya kisima, chumvi iliyolegea huondoka. Sodiamu na potasiamu zilizoshikamana na unga hubaki, mpaka zipate wa kuzing'oa, naye ni kalsiamu. Ndiyo maana wakulima wazoefu huloweka kokopiti kwanza kwenye maji yenye kalsiamu naitreti, ndipo wasuuze tena. Asiyefanya hivyo hushangaa: anaweka mbolea kwa uaminifu, kumbe unga wenyewe unaila kalsiamu na magnesiamu, halafu unarudisha sodiamu. Miche inalala njaa mezani!

Je, wajua kwamba mmea huwanyang'anya wazee ili kuwalisha watoto? Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu huhama ndani ya mmea, kwa hiyo zikipungua majani ya chini huumia kwanza. Kalsiamu na madini ya chuma hazihami, na upungufu wake huonekana juu, kwenye majani machanga. Jani la zamani la mhindi likianza manjano nchani, na manjano hayo yakashuka katikati kama herufi V, ni naitrojeni. Kingo zikiungua kama zimepitiwa na moto, ni potasiamu. Jani la zamani la nyanya likipauka huku mishipa ikibaki kijani, ni magnesiamu. Sura hiyohiyo kwenye jani changa? Hapo fikiria chuma. Ukikosea umri wa jani utanunua dawa isiyo yake, na pesa ya mkulima haioti tena.

Sura ya upungufu hutofautiana na zao pia: kwenye mashamba ya katani, mmea uliokosa potasiamu huwa na majani yaliyonywea karibu na shina kana kwamba yamefungwa mkanda.

Je, wajua kwamba nyanya inaweza kukosa kalsiamu ikiwa imezungukwa nayo? Kalsiamu hupanda na maji tu. Leo umemwagilia, kesho umesahau, mfuko wa kokopiti umekauka, na tunda linaanza kuoza kitako. Wengi hukimbilia kupulizia mbolea, wakati tiba ya kwanza ni kumwagilia kwa ratiba.

Na zambarau? Mche wa mahindi ukigeuka zambarau, jibu la haraka ni fosforasi. Lakini kwenye baridi ya nyanda za juu mizizi hushindwa kuifyonza hata kama ipo, na joto likirudi mche hurejea kijani bila kuongezewa kitu.

Basi ukienda kwa bwana shamba, mpelekee majani mawili ya mche uleule, la chini kabisa na la juu kabisa, na umwambie mara ya mwisho ulimwagilia lini.