Mume Naye Apimwe

Nyumba ikikosa mtoto, lawama humwangukia mke. Hata hivyo, katika takribani nusu ya wenzi wanaochelewa kupata mtoto, chanzo huwa kwa mume, kwa sehemu au chote. Wakazi wa Musoma, Bunda na Butiama wanahimizwa kuufahamu mwili wa mwanamume kabla ya kumhukumu mwanamke.

Mbegu za kiume hutengenezwa katika korodani, kwa amri ya homoni zitokazo ubongoni. Korodani hukaa nje ya tumbo kwa kuwa kazi hiyo huhitaji joto lililo chini kidogo ya lile la mwili. Mbegu huchukua takribani siku 70 kutengenezwa, kisha hukomaa katika mrija uliojikunja nyuma ya korodani. Sehemu kubwa ya shahawa si mbegu, bali ni majimaji ya tezi dume na vifuko vya shahawa.

Kwa hiyo, nguvu za kiume si uthibitisho wa uzazi. Shahawa zaweza kutoka bila mbegu hata moja. Kisonono kisichotibiwa huweza kuziba mirija, na matubwitubwi ya ukubwani huweza kudhoofisha korodani.

Wenzi waliotafuta mtoto kwa miezi 12 bila mafanikio wafike pamoja katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ili waelekezwe kwenye vipimo. Mume akianza tiba, awe na subira: mbegu mpya hazipatikani kwa wiki moja.