Moluska na Magamba Yao: Kumsoma Konokono wa Lamboni

Mtahiniwa, huenda unamjua konokono kama mnyama na kichocho kama ugonjwa. Swali gumu huja pale unapotakiwa kuviunganisha. Ukiwa Rwamgasa, au popote katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga, mfano uko karibu: ukingoni mwa lambo, kwenye mashimo ya zamani ya wachimbaji yaliyojaa maji, na kwenye mifereji ya mialo. Okota magamba makavu yaliyo nchi kavu. Usiingize mkono wala mguu majini kutafuta konokono hai. Sababu utaiona mbele.

A. MOLUSKA NI WANYAMA GANI?

Moluska ni wanyama wasio na uti wa mgongo, wenye mwili laini usiogawanyika pingili. Kwa wingi wa spishi wanatanguliwa na arthropoda peke yao. Mwili wao una mguu wenye misuli, fungu la viungo vya ndani, na ngozi laini inayofunika viungo hivyo, iitwayo joho.

Joho ndilo linalotengeneza gamba, kwa kutoa kalsiamu kaboneti. Gamba huongezwa ukingoni mwa mdomo wake kadiri mnyama anavyokua. Kwa hiyo konokono habadilishi gamba maishani, tofauti na arthropoda ambao hujivua ili wakue.

Kumbuka makundi matatu:
1. Gastropoda: konokono, koa na kauri. Wenye gamba huwa na moja tu.
2. Bivalvia: chaza na kome. Gamba lao lina vipande viwili vinavyofunga na kufunguka.
3. Cephalopoda: pweza na ngisi. Pweza hana gamba. La ngisi limebaki kipande chembamba ndani ya mwili.

Tahadhari: kuwa na gamba si kigezo cha kuwa moluska. Kobe ana gamba lakini ana uti wa mgongo. Kaa ni arthropoda. Jongoo bahari ana mwili laini, lakini ni ekinodamu.

Kauri ni mfano mzuri wa kupima hoja zako. Huishi katika maji ya chumvi, hivyo ukimkuta kwenye pambo la kale Usukumani, ujue hakutoka lamboni. Alifika kwa miguu ya watu: misafara ya karne ya 19 ilileta kauri kutoka pwani hadi bara.

B. KUSOMA GAMBA KWA HATUA TATU

Hatua ya 1: Je, gamba lina ncha, au ni bapa? Gamba bapa, lililojizungusha kama kamba iliyokunjwa chini, ni la Biomphalaria. Huyu hubeba vimelea vya kichocho cha tumbo.

Hatua ya 2: Kama lina ncha, lishike ncha ikiwa juu na mdomo ukikuelekea. Mdomo uko upande gani? Bulinus, abebaye vimelea vya kichocho cha mkojo, mdomo wake uko kushoto kwako. Lymnaea, abebaye vimelea vya minyoo ya ini ya ng'ombe, mdomo wake ni mpana na uko kulia.

Hatua ya 3: Je, mnyama ana kifuniko kigumu cha kuziba mdomo wa gamba? Biomphalaria, Bulinus na Lymnaea hawana. Lanistes ana mdomo wa kushoto kama Bulinus, lakini ana kifuniko, naye habebi kichocho.

Mipaka ya njia hii: kifuniko hudondoka konokono akifa, kwa hiyo gamba tupu halitoshi kukamilisha hatua ya 3. Pia gamba huonyesha aina ya konokono. Halionyeshi kama ameambukizwa. Hilo huthibitishwa maabara.

C. KONOKONO NA KICHOCHO

Kichocho husababishwa na minyoo bapa wa jenasi Schistosoma. Fuata mzunguko huu kwa mpangilio:
1. Mgonjwa hukojoa au hujisaidia majini au karibu na maji. Mayai ya minyoo huingia majini.
2. Mayai huanguliwa na kutoa mirasidiamu, anayemtafuta konokono wa aina inayofaa.
3. Ndani ya konokono, ambaye ni mwenyeji wa kati, kimelea huongezeka kwa wiki kadhaa.
4. Serkaria hutoka kwa konokono, hasa jua linapokuwa kali, na kupenya ngozi ya mtu aliye majini.
5. Minyoo hukomaa katika mishipa ya damu ya mtu na kutaga mayai.

Hapa ndipo anayeosha mchanga wa dhahabu akiwa amesimama majini, anayechota maji na mtoto anayeogelea mchana wanapokuwa hatarini kwa pamoja. Dawa ya prazikwanteli inayogawiwa shuleni huua minyoo iliyokomaa. Haizuii maambukizi mapya, kwa hiyo aliyemeza dawa akirudi kwenye maji yaleyale anaweza kuugua tena.

D. SWALI LA MFANO

Lambo la kijiji lilikauka kabisa mwezi Agosti. Mvua ya Novemba ikalijaza. Wanafunzi walioogelea humo Januari walianza kukojoa damu mwezi Aprili. Eleza.

Jibu:
(i) Dalili zinaashiria kichocho cha mkojo, na konokono anayehusika ni Bulinus.
(ii) Lambo lilipokauka, baadhi ya konokono walijifukia kwenye tope na kusubiri mvua.
(iii) Mvua iliponyesha waliibuka na kuzaana. Kila mmoja ana viungo vya uzazi vya kiume na vya kike, hivyo wachache wanatosha kujaza lambo upya.
(iv) Mgonjwa alipokojoa humo, mayai yalianguliwa, konokono wakaambukizwa, na serkaria wakapatikana kabla ya Januari.
(v) Serkaria walipenya ngozi za waogeleaji. Minyoo ilihitaji muda kukomaa na kutaga, ndiyo maana damu ilionekana baadaye.

Kosa la kuepuka: usiandike kwamba wanafunzi waliugua kwa sababu walikunywa maji machafu. Njia kuu ya kuingia ni ngozi. Usiandike pia kwamba lambo likikauka konokono wote hufa.

E. JIPIME

1. Taja tofauti mbili kati ya gamba la konokono na la chaza.
2. Choma zebaki, chimba choo, sambaza dawa: ni hatua zipi mbili kati ya hizi hupunguza kichocho, na kila moja hukata mzunguko katika hatua gani?
3. Kwa nini kuua konokono wachache kwa mkono hakusaidii, na ni hatari kwa anayefanya hivyo?
4. Chukua gamba kavu, mweleze mdogo wako ni la mnyama gani na kwa nini asiogelee lamboni mchana. Akikuuliza swali usiloweza kujibu, rudia sehemu C kabla ya kuendelea na mada inayofuata.