Geti la mtoto juu ya ngazi: kosa letu la kwanza

Binti yetu alianza kutambaa akiwa na miezi minane, tena kinyumenyume. Unamweka kwenye mkeka, unageuka kukoroga chai, ukimtazama tena miguu imeshaingia chini ya kochi. Mimi na mama yake tulicheka, tukamrekodi video, tukawatumia watu wa Tanga. Wiki ya pili akajua kwenda mbele, kicheko kikaisha. Kwetu, mbele ni ngazi.

Tunaishi Walthamstow, karibu na Lloyd Park, kwenye zile nyumba ambazo familia ya Warner ilianza kuzijenga miaka ya 1880 kwa ajili ya kupangisha. Wakazi wa huku mnazijua: milango miwili chini ya tao moja, mmoja wa anayekaa chini, wa pili wa anayekaa juu. Sisi ndio wa juu. Ukifungua mlango wa barabarani hukuti sebule, unakuta ngazi, nyembamba na kali, hadi kwenye kikorido chetu.

Mimi nimekulia nyumba ya Kiswahili, Ngamiani. Korido katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Hatari ya mtoto anayetambaa ilikuwa jiko la mkaa na ndoo ya maji, na kabla hajavifikia kulikuwa na shangazi, dada au jirani wa kumdaka. Ngazi tulizikuta shuleni. Kwa hiyo nilipokwenda kununua geti, hata la kuuliza sikulijua.

Nikachukua la bei nafuu, lile la kubana. Halina skrubu. Lina fremu ya chuma yenye vikazio vinne pembeni, unavizungusha mpaka fremu inajibana katikati ya kuta mbili. Dakika ishirini nilikuwa nimemaliza, ukuta hauna hata mkwaruzo, nikajiona fundi. Nikaliacha pale juu ya ngazi.

Ubaya wa geti hilo uko chini. Fremu yake ina umbo la herufi U, kwa hiyo hata ukifungua kimlango, kuna chuma kimebaki kimekatiza njia, usawa wa kidole cha mguu. Sisi vijana tulishazoea kukiruka. Mama yangu alikuja kututembelea mwezi wa Novemba. Asubuhi moja, giza halijatoka, alikuwa amembeba mjukuu wake begani akitaka kushuka kuchukua barua mlangoni. Kandambili ikanasa kwenye kile chuma. Akadaka reli kwa mkono mmoja, na uzito wake ulipoliegemea geti, upande mmoja ukachomoka ukutani.

Hakuanguka. Nilitoka chumbani kwa kishindo cha chuma nikamkuta amekaa ngazi ya juu kabisa, mtoto kamkumbatia kifuani, hasemi kitu. Baadaye sana akaniuliza, "Baba, hiki chuma mmekiweka cha kazi gani?"

Siku hiyo ndipo nilipotafuta karatasi ya maelekezo, ambayo nilikuwa nimeiacha ndani ya boksi. Imeandikwa wazi: geti la kubana lisiwekwe juu ya ngazi. Linafaa mlango wa jikoni au chini ya ngazi, mahali ambapo ukijikwaa unaanguka kwenye sakafu ile ile. Juu ya ngazi panataka geti la skrubu, lisiloacha chuma sakafuni, na lifungukie upande wa korido, lisining'inie juu ya ngazi.

Sasa, skrubu maana yake matundu, na kwa mpangaji matundu maana yake amana. Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Tunaogopa kumuuliza mwenye nyumba, tunaona bora lile la kubana kuliko maneno. Mimi nilimwandikia barua pepe ya mistari mitano: mtoto ameanza kutambaa, naomba kufunga geti, nitaziba matundu na kupaka rangi siku ya kuhama. Nikaambatanisha picha. Alikubali siku ya pili. Jibu hilo nimelihifadhi pamoja na picha za ukuta kabla ya kutoboa. Hapa Uingereza, tangu mwaka 2007, amana ya upangaji wa kawaida lazima iwekwe kwenye mpango uliosajiliwa, na mkigombana mwishoni mpango huo unaweza kuwaamua bure. Ushahidi wa maandishi ndio utakaokusemea.

Ukuta nao ni habari nyingine. Nyumba hizi kongwe baadhi ya kuta zake ni vijiti vyembamba vilivyopigwa plasta, ndani uwazi. Nilitoboa tundu la kwanza, skrubu ikazunguka bila kushika chochote, vumbi likamwagika. Gongagonga ukuta kwanza usikilize ulipo mti wa ndani, na usipoupata, mwite fundi. Upande wa pili hatuna ukuta kabisa, tuna nguzo ya reli, ya mviringo. Kuna vifaa vinavyouzwa mbali vya kufunga ubao kwenye nguzo kwa mikanda, kisha geti likashika ubao. Jambo jingine: pima upana juu na chini. Ule ubao unaozunguka chini ya ukuta ulinila sentimita tatu, nikarudisha geti dukani mara moja.

Geti la kupewa si baya, mradi vipande vyote viwepo na liwe na alama ya EN 1930, ambacho ndicho kiwango cha Ulaya na Uingereza cha mageti haya. La jikoni tulipewa na jirani. Mlango wa ngazi ya nyuma, ya bustani, tunaufunga kwa ufunguo.

Kilichobaki kigumu ni watu. Wageni wa Jumapili wanaliacha wazi, na kina baba wenzangu wanaliruka ili wasihangaike na kilango, sahani ya pilau mkononi. Nimeanza kuwaambia bila haya: mlango ufunguliwe na ufungwe, asiruke mtu. Mama alikuwa akisema tunamfungia mtoto kama mbuzi. Tangu asubuhi ile halisemi tena, na ndiye aliyekuwa akilijaribu kila usiku kabla ya kulala, analitikisa mara mbili.

Kiwango chenyewe ni cha watoto wasiozidi miezi 24, na akianza kulipanda mapema geti linaondolewa mapema. Wetu ana miezi 19. Wiki iliyopita alilisogeza boksi la midoli mpaka kwenye geti la jikoni, akasimama juu yake, akaanza kuinua mguu. Boksi tumelihamishia chumbani kwetu, na jioni hizi tunamfundisha kushuka ngazi kwa matako, mmoja wetu akiwa ngazi moja chini yake.