Stanley Cohen

Stanley Cohen (Brooklyn, New York, 17 Novemba 1922 – Nashville, Tennessee, 5 Februari 2020) alikuwa mwanabiokemia kutoka nchi ya Marekani. Anajulikana hasa kwa kutenga protini mbili zinazopeleka ujumbe wa ukuaji kwa seli: kichocheo cha ukuaji wa neva (kifupi NGF) na kichocheo cha ukuaji wa ngozi ya nje (kifupi EGF). Mwaka wa 1986, pamoja na Rita Levi-Montalcini, alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Utafiti wake ulianzia kwenye seli za neva, wala haukulenga saratani ya matiti. Hata hivyo, njia aliyoifungua iliwasaidia wataalamu wengine kuelewa aina moja kali ya saratani hiyo na kuitafutia dawa.

Asichanganywe na Stanley N. Cohen, mwanajenetiki wa Marekani anayejulikana kwa kazi ya kuunganisha vipande vya DNA.

Maisha ya awali

Cohen alizaliwa katika familia ya Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Urusi. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Utotoni aliugua polio, ugonjwa uliomwacha akichechemea. Alisoma Brooklyn College, ambayo wakati ule haikutoza ada, akahitimu mwaka wa 1943 katika masomo ya biolojia na kemia. Kwa muda alifanya kazi ya kupima bakteria katika kiwanda cha maziwa ili apate akiba ya kuendelea na masomo. Alipata shahada ya uzamili katika zoolojia huko Oberlin mwaka wa 1945, na shahada ya uzamivu katika biokemia kwenye Chuo Kikuu cha Michigan mwaka wa 1948.

Kwa ajili ya uzamivu alichunguza jinsi mwili wa nyungunyungu unavyotoa taka za nitrojeni wakati mnyama huyo anapokosa chakula. Usiku alikuwa akiwaokota kwenye nyasi za chuo, hata akakusanya zaidi ya 5,000.

Ujumbe unaokuza neva

Mwaka wa 1953 Cohen alijiunga na maabara ya Viktor Hamburger kwenye Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis. Huko alimkuta Rita Levi-Montalcini, daktari kutoka Italia, aliyekuwa ameona jambo la ajabu. Kipande cha uvimbe wa panya kilipopandikizwa kwenye kiinitete cha kuku, neva za kiinitete zilikua kwa wingi kupita kawaida. Zilikua hata pale ambapo uvimbe haukugusana nazo. Ilionekana kwamba uvimbe ulitoa kitu fulani kilichozifikia seli za neva na kuziamuru zikue.

Kazi ya Cohen ilikuwa kukitambua kitu hicho kwa njia ya kemia. Maji yaliyotolewa kwenye uvimbe yalikuwa na protini pamoja na asidi za kiini, na haikujulikana ni ipi kati ya hizo inayokuza neva. Ili kupata jibu alitumia sumu ya nyoka, kwa kuwa ina kimeng'enya kinachovunja asidi za kiini. Kama ujumbe ungekuwa ndani ya asidi hizo, neva zingeacha kukua; kama ungekuwa ndani ya protini, zingeendelea kama awali. Matokeo hayakuwa hili wala lile: neva zilikua zaidi ya mwanzo. Sumu yenyewe ilikuwa na kichocheo hicho, tena kwa wingi kuliko uvimbe.

Cohen alifikiri kwamba tezi ya sumu ya nyoka inafanana na tezi ya mate ya mamalia. Basi akachunguza tezi za mate za panya dume, akakuta NGF tele. Kutoka hapo aliweza kuisafisha na kuthibitisha kuwa ni protini. Pia alitengeneza kingamwili za kuizuia. Panya wachanga waliodungwa kingamwili hizo walipoteza sehemu kubwa ya seli za mfumo wao wa neva wa simpatetiki. Hivyo ilijulikana kwamba seli hizo haziwezi kuishi bila kupata ujumbe huo.

Macho yaliyofunguka mapema

Alipokuwa akiwadunga panya wachanga maji ya tezi za mate ambayo hayajasafishwa, Cohen aliona kwamba macho yao yalifunguka siku ya 6 au ya 7 baada ya kuzaliwa, ilhali kwa kawaida hufunguka siku ya 12 hadi ya 14. Meno nayo yaliota mapema. NGF iliyosafishwa haikuleta mabadiliko hayo. Maana yake ni kwamba ndani ya maji yale kulikuwa na kitu cha pili.

Ingekuwa rahisi kukihesabu kitu hicho kuwa uchafu uliobaki. Cohen alikifuatilia alipohamia Chuo Kikuu cha Vanderbilt huko Nashville mwaka wa 1959, akatangaza mwaka wa 1962 kwamba amekitenga. Kilikuwa protini ndogo inayohimiza seli za ngozi ya nje kuongezeka na kukomaa, nayo ndiyo EGF. Mwaka wa 1972 mpangilio wa asidi amino zake zote 53 ulijulikana.

Kengele mlangoni mwa seli

Swali lililofuata ni hili: protini iliyo nje ya seli inawezaje kuamuru mambo yanayotendeka ndani? Mfano wa nyumba unaweza kusaidia. Mgeni akibonyeza kengele akiwa nje, mlio husikika ndani hata kabla mlango haujafunguliwa. Katika seli, kengele hiyo huitwa kipokezi. Ni protini iliyopenya utando wa seli: sehemu yake moja iko nje, nyingine iko ndani.

Katika miaka ya 1970 Cohen na Graham Carpenter waliitia EGF alama kwa iodini yenye unururifu ili waweze kuifuata. Waliona inashikwa na vipokezi juu ya seli, kisha inamezwa pamoja navyo na kuvunjwavunjwa. Baadaye maabara ya Cohen ilionyesha kwamba kipokezi chenyewe ni kimeng'enya. Kikishikwa na EGF upande wa nje, upande wa ndani hubandika fosfati kwenye protini, na mwaka wa 1980 ilibainika kwamba hubandikwa kwenye asidi amino iitwayo tirosini. Fosfati hizo huwasha mfululizo wa ishara hadi kwenye kiini, na seli huanza kugawanyika.

Mwaka wa 1991 iligunduliwa kwamba kipokezi cha NGF kwenye seli za neva ni kimeng'enya cha aina hiyohiyo. Neva na ngozi hutumia vichocheo tofauti, lakini namna ya kupokea ujumbe ni moja.

Uhusiano na saratani ya matiti

Katika mwili wenye afya kengele hunyamaza baada ya ujumbe kupokewa. Katika saratani kadhaa hulia bila kukoma, na seli huendelea kugawanyika bila mpango.

Mwaka wa 1984 maabara ya Robert Weinberg ilieleza jeni iliyopatikana katika uvimbe wa mfumo wa neva wa panya. Jeni hiyo, iliyoitwa neu, ilifanana na ile ya kipokezi cha EGF. Mwaka wa 1985 jeni inayolingana nayo kwa binadamu ilitengwa, ikaitwa HER2, yaani kipokezi cha EGF cha binadamu namba 2. Licha ya jina lake, HER2 haishikwi na EGF moja kwa moja. Hufanya kazi kwa kuungana na vipokezi wenzake wa familia hiyo.

Mwaka wa 1987 Dennis Slamon na wenzake walichunguza uvimbe wa matiti 189. Takriban asilimia 30 ulikuwa na nakala za ziada za jeni ya HER2, na ugonjwa wa wanawake hao ulirudi mapema zaidi. Siku hizi inakadiriwa kwamba saratani za matiti 15 hadi 20 kati ya kila 100 ni za aina hii.

Dawa iliyotokana na ujuzi huo ni trastuzumab, inayojulikana pia kwa jina la Herceptin. Ni kingamwili inayoshika HER2 upande wa nje wa seli. Iliidhinishwa nchini Marekani mwaka wa 1998 kwa wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa imeenea. Majaribio yaliyotangazwa mwaka wa 2005 yalionyesha kwamba ikitumiwa mapema pamoja na dawa nyingine za saratani, hatari ya ugonjwa kurudi hupungua kwa karibu nusu.

Dawa hii ina mipaka yake. Haiwafai wagonjwa ambao uvimbe wao hauna HER2 ya ziada, kwa hiyo kipande cha uvimbe lazima kipimwe kwanza. Inaweza kudhoofisha moyo, hivyo moyo hukaguliwa wakati wa matibabu. Tena haipiti kwa urahisi kutoka damu kuingia ubongoni, ambako saratani ya aina hii huweza kuenea.

Kikwazo kingine ni gharama. Shirika la Afya Duniani liliiweka trastuzumab katika orodha ya dawa muhimu mwaka wa 2015, na mwaka wa 2019 likathibitisha ubora wa dawa ya kwanza inayofanana nayo ili bei ishuke. Hata hivyo, katika nchi nyingi maskini wako wanawake wasiopata kipimo wala dawa.

Tuzo na kifo

Mbali na Tuzo ya Nobel, mwaka wa 1986 Cohen alipewa pia Tuzo ya Lasker na Nishani ya Taifa ya Sayansi ya Marekani. Alibaki Vanderbilt hadi alipostaafu. Alifariki mjini Nashville akiwa na umri wa miaka 97.