Mugonjwa si namba ya kitanda

Sisi wafanyakazi wa migodi ya Kolwezi tunajua vizuri namna mutu anageuka namba. Siku ya kwanza ya kazi wanakupa matrikule, na kisha hapo jina lako linabaki nyumbani na bibi na watoto. Ndiyo maana tulikasirika siku ile tulienda kutazama mwenzetu pa hospitali, tukasikia muuguzi anapaza sauti: "Ule wa kitanda saba anakatala tena chakula."

Wa kitanda saba ni mutoboaji wa mawe, miaka 51, baba ya watoto sita. Jiwe lilimuangukia chini ya shimo, likavunja muguu wake fasi mbili. Yeye mwenyewe alikubali tuandike habari hii, lakini bila jina lake.

Muguu ulikuwa unapona. Siku ya tano homa ikapanda. Waliangalia kidonda, kikawa safi. Walibadilisha dawa, homa ikabaki pale pale. Chakula hakula tena, na maji alionja tu. Ku fishi yake waliandika neno moja: anakatala.

Tukaenda kwa mukubwa wa wauguzi na maneno makali tayari mudomoni. Yule mama hakubishana na sisi. Alisema tu: "Baba zangu, mukuye na usiku, mutaona."

Mumoja wetu alirudi saa tatu ya usiku. Aliona muuguzi mumoja, peke yake, na wagonjwa 38. Huku serumu inaisha, kule sindano inangoja, pikipiki inaleta mutu wa ajali, na karatasi za kujaza zimelala ku meza. Alifika kwa kila kitanda, akapima homa, akaandika, akaenda. Kuuliza mutu anajisikia namna gani, na kungoja ajibu, hakuwa na nafasi hiyo.

Asubuhi, kazi yake ilipoisha, musichana yule hakuenda nyumbani. Alikaa ku kitanda cha mwenzetu, akamuuliza polepole, kwa Kiswahili cha hapa kwetu: "Baba, juu ya nini hauko unakunywa mayi?"

Mwenzetu alinyamaza muda murefu. Kisha akasema: "Mutoto yangu, niko nasikia haya. Nikikunywa, nitaomba basini. Na wewe uko sawa binti yangu."

Njo ilikuwa ile. Mu chumba cha watu kumi na wawili, bila pazia, mutu muzima alijikataza kula na kunywa ili asijisaidie mbele ya musichana. Maji yalipunguka mu mwili, mukojo alikuwa anaufunga, na ugonjwa ukaingia. Walipima mukojo siku ile ile, wakauona. Walimupa dawa yake, chupa ya kukojolea, na kitenge kikafungwa sawa pazia. Mudogo wake mwanaume akaja kulala naye. Kisha siku tatu homa ikashuka.

Kitenge na chupa si vitu vya bei kali. Kilichokosa ni mutu wa kuuliza.

Yule mama mukubwa alitueleza kwamba mu mashule yetu ya uuguzi wanafundisha mahitaji 14 ya Virginia Henderson, muuguzi wa Marekani. Ndani yake muna kupumua, kula na kunywa, kujisaidia, kulala, kuwa safi, kusema hofu yako, kuabudu kufuatana na imani yako, hata kufanya kazi yenye kukupa heshima. "Tulisoma kuangalia mutu muzima," alisema, "lakini usiku tunapata dakika za kuangalia kidonda tu."

Na tumbo lao pia liko na maneno. Wauguzi wengi wa Serikali wanafanya kazi miaka bila mushahara, wanangoja majina yao yaingie mu listi. Wanaishi na primu, ao na sehemu ya kile wagonjwa wanalipa. Mu hospitali nyingi za inchi yetu, mutu aliyepona anazuiwa mpaka fakture ilipwe. Namna gani mugonjwa atamwambia siri yake mutu ambaye kesho atamuulizia feza?

Wazee wetu wanapenda kukumbuka hospitali za Union Minière, na kisha za Gécamines. Ni kweli, dawa zilikuwa. Lakini hata kule ulikuwa matrikule. Kisha mambo yakaanguka, na kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatoka Gécamines. Leo wengi wetu tuko chini ya kampani za sutretansi. Sheria ya kazi ya 2002 inasema wazi kwamba matunzo ya mufanyakazi na jamaa yake ni juu ya mwenye kumuajiri. Lakini ukivunjika muguu, unaanza kukimbilia karatasi kabla ya kukimbilia muganga.

Sisi wa sendika tuko na kosa letu pia. Kila mara tulipokaa na wakubwa wa kampani juu ya matunzo, tulihesabu dawa, vitanda na ambulansi. Wauguzi hatukuwahesabu hata mara moja. Safari hii tunaweka mambo matatu ku meza: hesabu ya wauguzi wa usiku, pazia kwa kila kitanda, na mutu wa kusikiliza mugonjwa mu luga yake siku anapoingia, ikiwa Kiswahili, Chiluba ao Uruund.

Na wewe musomaji, ukienda kutazama mugonjwa wako, usimutukane muuguzi kwanza. Muambie jina la mugonjwa, kile anaogopa, kile anaficha. Wewe unamujua, yeye hamujui bado.

Mwenzetu anatembea sasa na fimbo. Alituomba tutafute jina la yule musichana, na tumelipata. Siku ya mukutano na kampani atakuja naye mwenyewe, na swali lake ni hili: usiku, kwa wagonjwa 38, wauguzi wangapi?