Boma la Mkuranga na Kengele ya Kololo

Ijumaa jioni, joto likishaanza kulegea, nauli ya riyali mbili inatosha kukufikisha kituo cha metro cha Sport City hapa Doha. Ukitoka nje unakutana uso kwa uso na Uwanja wa Kimataifa wa Khalifa, na ukitembea kidogo unaingia Aspire, bustani kubwa yenye bwawa, mnara wa Torch ukiichungulia kwa juu. Hapo ndipo tunapokutana, Wakenya, Waganda na sisi Watanzania wachache, kila mmoja na chupa yake ya chai ya tangawizi. Mazungumzo huanzia kazini, hupitia kwenye mpira, hutua palepale yanapotua kila wiki: ujenzi nyumbani.

"Vipi kaka, boma limefika wapi?"

Kwa miaka minne jibu langu lilikuwa moja. Lenta. Vyumba vitatu na sebule, Mkuranga, vimesimama bila paa. Mama aliugua, fedha ya kupaulia ikaenda hospitali, na sijawahi kuijutia hata siku moja. Muda si mrefu mkataba wangu wa kazi ukaisha, nikakaa miezi kadhaa bila mshahara. Saruji iliyobaki stoo ikagandia ndani ya mifuko. Majani yakaota sebuleni. Nikaacha kumwomba mdogo wangu picha.

Wengi wetu pale bustanini tuna boma kama hilo, au shamba, au masomo yaliyokatishwa muhula wa mwisho. Hesabu zenyewe ndizo zinazotukwamisha. Tangu tarehe 20 Machi 2021 kima cha chini cha mshahara nchini Qatar ni riyali 1,000 kwa mwezi, kama dola 275 hivi. Mwajiri asipokupa malazi na chakula huongeza 500 na 300. Kutoka humo utoe ada za watoto, dawa za wazee, na ndipo uanze kuwaza mabati. Kabla ya mageuzi ya mwaka 2020, hata kuhamia kwa mwajiri mwingine kulihitaji ridhaa ya yule wa kwanza. Aliyekwama kazini, boma lake lilikwama naye.

Ndiyo maana uwanja ule wa jirani unanigusa. Kuanzia tarehe 27 Septemba hadi 6 Oktoba 2019 ulipokea Mashindano ya Riadha ya Dunia, na usiku wa mwisho Joshua Cheptegei wa Uganda alishinda humo mbio za mita 10,000. Rafiki zangu Waganda wakilitaja jina hilo hawaanzii Doha. Wanaanzia Kololo.

Tarehe 26 Machi 2017 Kampala iliandaa Mbio za Nyika za Dunia katika viwanja vya Kololo. Cheptegei, kijana wa miaka 20 kutoka Kapchorwa, aliwatoka wenzake mbele ya umati wa nyumbani. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia alikuwa mbele peke yake, kwa pengo la sekunde kama 12. Watu walishaanza kushangilia dhahabu. Halafu miguu ikakataa. Aliyekuwa akikimbia akawa anajikokota, akiyumba. Geoffrey Kamworor wa Kenya akampita akaenda kutwaa taji. Akapita mwingine, na mwingine. Cheptegei alivuka mstari akiwa wa 30.

Alivuka, lakini. Nimeitazama video ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza, na kila mara ninamtazama yeye tu, baada ya kamera kuhamia kwa washindi. Njia ya kutoka ilikuwa wazi, kivuli kilikuwa karibu. Akaendelea.

Kinachonishughulisha zaidi, hata hivyo, ni kalenda. Mbio za Nyika za Dunia siku hizo zilifanyika kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo deni la Kololo hakuwa na pa kulilipia wiki ileile, wala mwaka uleule. Ilibidi aishi nalo. Na alipokuwa akiishi nalo akashika kazi nyingine. Agosti 2017, jijini London, alipata medali ya fedha ya mita 10,000 nyuma ya Mo Farah, wakiachana kwa chini ya nusu sekunde. Mwaka uliofuata, Gold Coast, akatwaa dhahabu mbili za Jumuiya ya Madola, mita 5,000 na 10,000. Novemba akavunja rekodi ya dunia ya kilomita 15 mjini Nijmegen, kwa dakika 41 na sekunde 5. Hapo ndipo Machi 2019 ikafika na Mbio za Nyika zikarudi, safari hii Aarhus, Denmark, ambako njia ilipanda hadi juu ya paa la nyasi la jumba la makumbusho. Cheptegei akashinda. Kijana mwenzake wa Uganda, Jacob Kiplimo, akawa wa pili. Kamworor wa tatu.

Miezi sita baadaye, hapa Khalifa, kengele ya mwisho haikumkuta tena peke yake. Yomif Kejelcha wa Ethiopia alikuwa naye. Cheptegei alimaliza kwa 26:48.36, na Kejelcha akafika kabla sekunde moja haijatimia.

Siku sita kabla yake Mganda mwingine, Halimah Nakaayi, alikuwa ameshinda mita 800 humo humo. Rio mwaka 2016 alikuwa ameishia nusu fainali. Na Conseslus Kipruto wa Kenya, ambaye jeraha la mguu lilimweka nje sehemu kubwa ya msimu, alitetea taji lake la kuruka viunzi na maji kwa tofauti ya sekunde 0.01.

Lakini usiku ambao pale bustanini tunausimulia kwa sauti ya chini ni ule wa kwanza, wa mchujo wa mita 5,000. Jonathan Busby wa Aruba aliishiwa nguvu kabisa karibu na mwisho. Braima Dabo wa Guinea-Bissau, aliyekuwa nyuma yake, hakumpita. Alimshika, akamkokota hadi mstarini. Busby aliondolewa kwenye matokeo, kwa kuwa kanuni haziruhusu kusaidiwa. Uwanja ulikuwa umesimama ukishangilia.

Nasi pale bustanini tuna upatu wa watu kumi. Mwaka jana, tulipopanga zamu, nilikuwa wa nane. Mama mmoja wa Mombasa, anayelea watoto wa watu hapa Doha na kusomesha wa kwake kule, aliyekuwa na zamu ya pili, akaniambia, "Chukua yangu, mwanangu. Mvua za masika hazikungojei." Sikupata neno la kumjibu, na mpaka leo nikimwona huwa namwinamia kwanza ndipo namsalimu.

Nikampigia fundi simu. Nilitarajia ataniambia bei ya mbao. Akaniomba kwanza aende akaangalie, na jioni akanirudia. Nondo zilizochomoza zimeshika kutu, akasema, zisuguliwe kwa brashi ya waya, na tatu zikatwe kabisa. Kozi ya juu mvua imekula udongo wake. Akigusa tofali kwa kidole linacheza. Akanyamaza kidogo, kama mtu anayechagua pa kukanyaga.

"Bosi, siwezi kuanzia ulipoishia. Nitabomoa kozi mbili ndipo nijenge."

Miaka minne nilikuwa naogopa kusikia kauli hiyo. Nilifikiri ikinifikia itanimaliza. Nilimuuliza tu tofali zitakazotolewa zitafaa kwa lolote, akasema zitajaza kifusi cha baraza.

Basi fedha ya kwanza niliyotuma haikununua bati hata moja. Ilinunua brashi mbili za waya, kibarua wa siku tatu, na saruji mpya. Ijumaa iliyofuata, Aspire, nilipoulizwa boma limefika wapi, nilisema limerudi chini ya lenta. Yule mama wa Mombasa akanimiminia chai.